Mwaka Majani Yalipomfuata Ng'ombe

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Masanja. Siku ya tatu ya msiba tulikuwa jikoni tunachambua mchele, mjane wake Nkwimba akanigeukia akasema, "Mama Shija, hebu mwigize kidogo nimsikie." Nikaweka ungo chini. Nikakohoa mara mbili, khm, khm, nikaishusha sauti mpaka tumboni, nikasema, "Sasa basi, sikilizeni." Wazee wenzangu walicheka mpaka mmoja akamwaga mchele. Nkwimba akacheka, akalia, akacheka tena, akanipiga begani akaniita mama kwa Kisukuma, "Ndiye huyo, mayu, ndiye huyo kabisa." Wakwe zake waliokuja na basi kutoka Mwanza walituangalia kama tumelewa. Siwalaumu. Wao wanafika hapa wanaona Mlima Ng'wandete umefunga miti mpaka juu, wanadhani ulizaliwa hivyo. Hawajui ulikuwa kipara, na hawajui ule mwaka nilitengwa na kijiji kizima, na ng'ombe wangu alibakiza siku chache aliwe. Nikiwa natembea kurudi nyumbani jioni ile, mwaka wote ulinirudia, na harufu yake.

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati hapo. Upande wa pili wa mlima watu walikuwa wanachimba dhahabu, na kila shimo la mchimbaji linataka magogo ya kushika kuta zisimfukie mtu. Magogo hayo wao wanayaita matimba. Basi miti yetu ilishuka mlimani kwa mabega, ikapanda kwenye malori, ikaingia ardhini. Iliyobaki ikaenda kwenye mkaa. Kisima cha chini ya mlima kikaanza kutoa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na ukitaka ndoo moja unakaa mpaka makalio yanakufa ganzi. Hapo ndipo akaja Bwana Miti. Jina lake alilopewa na wazazi alitutajia siku ya kwanza, tukalisahau siku ya pili, maana ofisa wa misitu siku zote ni Bwana Miti. Alikuwa mtu wa Moshi, mrefu, anavaa soksi mpaka magotini, na maneno yake yanatokea puani. Aliuangalia mlima wetu akasema, "Aisee, ndio huu? Kwetu hapa tungepanda viazi tukapita." Nikamwambia, "Basi, baba, rudi kwenu kwenye barafu, sisi tutabaki na kiazi chetu." Tangu siku ile tukapendana.

Mkutano wa kwanza alisimama mbele yetu na karatasi. Alisema, na nasema kama alivyosema, kwa pua: "Mama zangu, wazee wangu, huu ni ushirikiano wa kimataifa. Ni maendeleo endelevu ya maeneo ya milima. Washirika wetu wametoka nchi mbalimbali." Kesho yake niliirudia hotuba yote kisimani, ndoo kichwani, na ikafika jioni watoto wote wa kijiji wanakimbizana wanaitana endelevu. Endelevu, njoo ule. Endelevu, mama yako anakuita. Kwa hiyo ukiniuliza nani alieneza habari za mradi, ni mimi, ingawa hawakunipa hata fulana.

Walichotaka ni hiki: mlima ufungwe. Sisi Wasukuma kufunga tunakujua, tunaita ngitili. Mtu anaacha kipande cha malisho hakiguswi mpaka kiangazi kikikaza, ndipo anafungulia ng'ombe wake. Ila hiyo ni ya mtu na mji wake. Wao walitaka ngitili ya kijiji kizima, mlima mzima, mwaka mzima bila kwato, shoka wala mundu, na mwenye kulinda awe baraza letu la jadi, lile tunaloita dagashida, chini ya mwenyekiti Masanja. Masanja alikubali haraka. Alikuwa mtu wa sheria yule, hata uji alikuwa anakunywa kwa sheria. Alikuwa na mtindo wake barazani: anakohoa mara mbili, anasema "sasa basi, sikilizeni," anatoa neno lake polepole, halafu anauliza, "Au nasema uongo?" Na watu wote kwa pamoja wanajibu, "Husemi uongo, baba." Wakishajibu, neno limekwisha. Hakuna kulirudisha, hata kama mvua itanyesha moto.

Nyumba yangu ilikuwa na vyumba viwili na bati, kwa hiyo Bwana Miti akaomba chumba cha ndani cha kuwekea vitu vya mradi. Yale mafurushi ya viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche, yalijaa mpaka dirishani, na mpaka leo nikinusa plastiki mpya namwona Maya. Maana juu ya mafurushi yale waliweka kitanda, na kwenye kitanda wakamweka mgeni. Bwana Miti alimshusha kwenye gari akasema, "Mama Shija, huyu ni mkulima kama wewe. Anatoka Nepali, milima kuliko yote duniani. Wafadhili wanataka watu wa milima wafundishane." Nilimwangalia: mwanamke mfupi, kipini puani, sketi ndefu, soksi ndani ya kandambili. Kijiji kizima kilisema ni Mhindi, ni binti wa Bwana Kanji mwenye duka Geita mjini, amekuja kuangalia kama kuna dhahabu. Tukampeleka kwa Kanji. Kanji akatoka nyuma ya kaunta, wakaongea kidogo, akanigeukia: "Mama Shija, huyu hapana ndugu yangu, bana. Huyu natoka juu, karibu na mawingu. Lakini Kihindi yeye najua kidogo, mimi taongea naye." Ndipo kwa mdomo wa Kanji, kati ya magunia ya sukari na vitenge, tukasikia kwamba mlima wa kwao nao ulikuwa kipara. Wakaufunga wenyewe. Wakawa wanalinda kwa zamu, fimbo ya mlinzi inalala kwenye mlango wa mtu wa zamu, kesho inahamia kwa jirani. "Anasema yeye mwenyewe kamatwa mara moja," Kanji akasema, "kata kuni, lipa faini." Maya akacheka, akaziba mdomo kwa mkono. Nikamwonea wivu mtu anayeweza kuchekea faini yake.

Tulikula pamoja miezi saba. Asubuhi michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na maziwa mgando, mchana ugali, jioni anapika yeye: wali na dengu za kwa Kanji, anazimwagia samli yangu kwa mkono ambao si wa mtu anayelipia samli. Alikula kwa mkono kama sisi. Alikaa chini kama sisi. Kiswahili nilimfundisha mimi jikoni, na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Mimi neno silijui peke yake. Nalijua na mtu wake. Nikimfundisha "habari za kazi," namfundisha kwa pua ya Bwana Miti, maana ndiye mwenye kuuliza. "Leta chumvi" nilimpa kwa sauti ya mama mkwe wangu, kali, mdomo umebinuka. Na maneno makubwa, sheria, kosa, sikilizeni, nilimpa ya Masanja, na kukohoa kwake, na ule mkono wake wa kushoto anaouweka mgongoni. Maya alishika yote. Alidhani ndivyo Kiswahili kilivyo, kila neno lina sauti yake na mkono wake. Ningeweza kumrekebisha. Sikumrekebisha. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda namsikiliza mwanamke wa Nepali anaomba chumvi kama marehemu mama mkwe wangu, nacheka peke yangu mpaka sufuria inaungua.

Sasa ng'ombe. Nilikuwa na mmoja, mwekundu, nikimwita Limi. Mume wangu, baba Shija, alikuwa machimboni, na machimboni kwa wengine ni mahali, kwake ilikuwa ni jina la kutorudi. Limi ndiye aliyefanya pale kwangu paitwe mji. Bila yeye ningekuwa mwanamke aliyekaa kwenye nyumba ya bati. Mlima ulipofungwa, wanaume wenye makundi waliswaga ng'ombe wao mbali, kwenye mbuga za kuelekea Ushirombo. Limi alikuwa na mimba, na mguu wa nyuma anauvuta. Asingefika hata nusu ya njia. Hapa nyumbani palikuwa na vumbi tu na mabua.

Na dawa yake ililetwa barazani mapema kabisa, na niliyeiua ni mimi. Maya alisimama kwenye mkutano na kamba yake. Kule kwao mzigo haukai kichwani, unakaa mgongoni, na kamba pana inapita kwenye paji la uso. Kwa ishara na maneno ya Bwana Miti akaeleza: ng'ombe abaki zizini, mtu apande na mundu, akate majani, amshushie. Mlima unapona na ng'ombe anakula. Wanaume walitazamana. Mtu ambebee ng'ombe chakula? Ng'ombe akujue wewe ni mtumishi wake? Na mimi, badala ya kumfikiria Limi, nilisimama nikawa ng'ombe. Nikaegemea jiwe, nikatafuna, nikaita, "Mama Shija we, majani haya hayana chumvi, hebu rudi." Kijiji kizima kililala chini kwa kicheko. Masanja mwenyewe alifuta machozi. Likapita hivyo: hakuna kwato, hakuna mundu. Maya alikunja kamba yake akaketi. Alicheka na yeye kidogo, kwa adabu.

Wiki chache baadaye mbavu za Limi zilikuwa zinahesabika. Mchana mmoja wa jua kali, saa ambayo hata walinzi wanatafuta kivuli, nikamfungua nikampandisha mlimani kwa upande wa mawe. Majani yalikuwa yamefika magotini. Sijawahi kuona kitu kinakula vile. Nilikaa pembeni namsikiliza anavyong'oa, nikasema moyoni, leo tu. Nilipogeuka, sungusungu wawili, walinzi wa kijiji, walikuwa wamesimama nyuma yangu na filimbi zao. Mmoja ni mpwa wangu. Akasema, "Shikamoo, shangazi." Nikasema marahaba. Akasema, "Twende."

Sheria ilikuwa nimeisikia kwa masikio yangu, na nilikuwa nimejibu husemi uongo pamoja na wenzangu. Ng'ombe aliyekanyaga ngitili ya kijiji analiwa na kijiji. Dagashida lingekaa mwezi ukiandama, na siku hiyo Limi angechinjwa, mimba na yote. Mpaka siku hiyo mimi nimetengwa. Vijana wa leo wakisikia kutengwa wanadhani ni kununiwa. Kutengwa ni kwamba hakuna mtu wa kukusalimia. Hakuna wa kukuchotea maji wala kusimama na wewe kisimani. Moto wako ukizimika hupewi kaa hata moja, na atakayekupa analipa kama wewe. Walikuja kuchukua mkoba wa Maya wakauhamishia kwa Masanja, maana mgeni hawezi kukaa na mtu asiyekuwepo. Bwana Miti alipita na gari lake, akapunguza mwendo, akaangalia mbele.

Nimekuwa mtu wa watu maisha yangu yote, na sikujua kwamba mtu anayeigiza anahitaji wa kumsikia kama moto unavyohitaji kuni. Siku ya kwanza nilimwigizia Limi. Nilimfanyia Bwana Miti, nikamfanyia Kanji, nikamfanyia mpwa wangu na shikamoo yake. Alitafuna mabua akaniangalia. Siku ya pili nilinyamaza. Siku ya tatu niliacha moto ukazimika kwa makusudi, maana niliona kupika ni kujidanganya.

Asubuhi ya nne mlango ukasukumwa. Maya. Mikononi ana kigae cha chungu, ndani yake makaa mekundu. Akapita bila hodi, akapiga magoti jikoni kwangu, akapuliza. Nikamwambia rudi, hili ni kosa. Akasema, "Kosa," kwa sauti ya Masanja hasa, akaendelea kupuliza. Alikuwa ameyatoa makaa jikoni kwa mwenyekiti mwenyewe. Nkwimba alikuwepo. Baadaye aliniambia, "Mimi nilikuwa nakuna kichwa, mayu, niliangalia upande wa pili. Kichwa kiliniwasha siku sita." Siku sita Maya aliniletea moto wa Masanja, na siku ya sita sungusungu wakamwona.

Hapo kijiji kikashikwa. Wakimtoza mgeni faini, Bwana Miti anasema wafadhili wataondoka na viriba vyao. Wasipomtoza, basi sheria ni ya Mama Shija peke yake, na kesho kila mtu atapandisha ng'ombe. Na moto wenyewe ni wa nani? Niliwasikia nje ya uzio wangu wanapita wakisema kwa sauti, maana hawaruhusiwi kusema na mimi lakini uzio hawakuutenga. "Masanja atajihukumu vipi?" "Atasema moto haukuwa wake." "Wa nani sasa, wa paka?"

Mwezi ukaandama. Dagashida likakaa kwenye jiwe kubwa chini ya mlima, wanaume huku, wanawake kule, na mimi peke yangu katikati, na Limi amefungwa kwenye kigingi. Visu vilikuwa vimeshanolewa, niliviona juu ya majani ya mgomba. Masanja alikuwa amekaa, hajaanza, anaangalia mikono yake. Bwana Miti anafuta miwani. Ndipo Maya akasimama. Hakuna aliyempa nafasi, akaichukua. Akaja mbele, akaweka mkono wa kushoto mgongoni. Nikajua. Nilitaka nimvute sketi, lakini nilikuwa nimetengwa, sikuruhusiwa kumgusa mtu.

Akakohoa, khm, khm.

"Sasa basi, sikilizeni," akasema. Ilikuwa sauti ya Masanja. Si kama ya Masanja. Ile ya kutoka tumboni, inayokokota kila neno kama gunia. "Ng'ombe hana kosa. Mguu ndio kosa. Mguu ufungwe. Majani yamfuate ng'ombe." Akanyamaza, kama yeye anavyonyamaza. "Au nasema uongo?"

Na kijiji chote, wanaume, wanawake, sungusungu, mpwa wangu, kikajibu kwa pamoja, "Husemi uongo, baba."

Watu walitazamana midomo wazi. Walikuwa wamejibu miaka ishirini, midomo ilikwenda yenyewe. Limi akapiga nzi kwa mkia, tukausikia. Masanja akainuka polepole. Akasema, "Nani amejibu?" Akarudia, "Nauliza, mmejibu au hamkujibu?" Kutoka upande wa wanawake, Nkwimba akasema, "Tumejibu, baba." "Mmemjibu nani?" "Tumesikia sauti yako, tukajibu." Masanja akanigeukia mimi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniangalia machoni tangu nitengwe. "Mama Shija. Ile ndiyo sauti yangu?" Nikasema, "Ni yako, baba. Nimeipunguza kidogo."

Nilidhani ameniua. Akasimama pale, shavu moja linatetemeka, na mimi nilikuwa namsoma yule mtu kuliko mke wake, nikajua hatetemeki kwa hasira. Lakini hakucheka. Alisema, "Hapa tumekubaliana neno likijibiwa limekwisha. Sikusema liwe limesemwa na nani." Akatoa hukumu. Ng'ombe anabaki. Kwato yake ikionekana mlimani tena analiwa siku hiyohiyo. Mundu unaruhusiwa, kwa mwenye ng'ombe mmoja asiye na mchungaji. "Na wewe utabeba wewe mwenyewe, kwa kamba ya mgeni, kwenye paji la uso, mchana, upite nyumba kwa nyumba kijiji kizima. Ukifika zizini kwako na mzigo, umerudi kwa watu. Na moto uliotoka jikoni kwangu ni moto wangu. Nitatoa mbuzi." Akamtoa, jioni ile tukaona moshi wake. Bwana Miti aliandika yote kwenye daftari. Nilisikia baadaye kwamba alipeleka ripoti huko nje akiita utaratibu shirikishi.

Siku hizi wageni wanakuja kuuona mlima wetu, wengine kutoka nchi za mbali zenye milima yao, na vijana wa ofisi wanawaambia kukata na kubeba ni uamuzi wa busara wa wananchi. Nanyamaza. Kisima kinatoa maji meupe, chui wadogo wamerudi, kuna asali. Maya alirudi kwao mvua zilipoanza, hatukuandikiana, mimi kalamu siijui na sidhani yeye aliijua. Kama bado yuko hai, kuna mlima fulani duniani ambako bibi kizee anaomba chumvi kwa sauti ya mama mkwe wangu.

Kesho yake ya hukumu tulipanda wawili, mimi na Maya. Alinifundisha kukata, kufunga, kuinama mpaka kamba inakaa pale inapotakiwa kukaa. Shingo ilitaka kukatika. Nilishuka na mzigo mkubwa kuliko mimi, uso chini, naona vidole vyangu na vumbi tu. Nyumba ya kwanza mtu akasema, "Jamani, Mama Shija amekuwa punda." Nyumba ya pili: "Punda hawezi, ona anavyoyumba, huyo ni mbuzi amebeba gari." Kwenye kilabu cha pombe wanaume wakapiga makofi, mmoja akaita, "Mama Shija, na mimi nina njaa, nikatie kidogo." Wengine walikuwa wanasema endelevu, endelevu, kwa pua ya Bwana Miti, vibaya kabisa, bila ufundi. Niliyakusanya yote masikioni. Wiki tatu hakuna aliyenitukana, na sikujua mtu anaweza kukosa matusi mpaka yakamlowanisha macho. Nikawa napunguza mwendo kwenye kila mlango ili waseme zaidi.

Nikafika zizini, nikaangusha mzigo mbele ya Limi. Akanusa majani. Akaninusa na mimi. Halafu akainua kichwa, akauangalia mlima, akakaa anauangalia muda mrefu. Nikamwambia, kwa sauti yangu mwenyewe maana sikuwa na pumzi ya mwingine, "Kula, mama. Tumeshindwa wote wawili." Akakaidi kidogo. Halafu akala.